Nani Atalipa Gharama? Uamuzi Unaobaki Baada ya Hukumu ya Kesi ya Madai

Katika hukumu ya kesi ya madai, uamuzi juu ya gharama huwa sentensi moja tu, na mara nyingi ndiyo ya mwisho. Jaji au hakimu akishaeleza nani mmiliki halali wa kiwanja, au mkopaji anadaiwa kiasi gani, huongeza kwamba mdai atalipwa gharama zake, au kwamba madai yametupwa kwa gharama, au kwamba kila upande utabeba gharama zake wenyewe. Watu wakitoka mahakamani huzungumzia kiwanja au deni. Sentensi ile ya mwisho huachiwa mawakili, ingawa ndiyo inayoweza kumrudishia mshindi fedha alizozimwaga kwa miaka kadhaa, au kumtwika mshindwa deni jipya juu ya lile alilokuwa akilipinga.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa uamuzi huo ni kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Kifungu hicho kinaipa mahakama mamlaka kamili ya kuamua nani alipe gharama, zilipwe kutoka mali ipi na kwa kiwango gani. Mamlaka hayo yanabaki hata pale mahakama inapogundua kwamba haikuwa na uwezo wa kusikiliza shauri lenyewe. Kwa hiyo aliyemburuta mwenzake kwenye mahakama isiyohusika hawezi kukwepa gharama kwa hoja kwamba mahakama hiyo haikuwa na mamlaka juu ya kesi.

Kanuni kuu ni kwamba gharama hufuata matokeo: aliyeshindwa humlipa aliyeshinda. Mahakama ikiamua vinginevyo, kifungu hichohicho kinailazimu kueleza sababu zake kwa maandishi. Sharti hilo ni dogo kulisoma lakini lina uzito mkubwa, kwani mshindi aliyenyimwa gharama bila sababu yoyote kutolewa ana hoja ya kupeleka mahakama ya juu. Kenya ina kanuni hiyohiyo katika kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21, na Uganda pia inaifuata. Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa madai, iliyo tofauti na ya Bara.

Kufanana huku kunatokana na asili moja. Tanganyika ilitumia kanuni za mwenendo wa madai za India za mwaka 1908 hadi Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 1966, na sheria hiyo mpya ilibeba sehemu kubwa ya ile ya zamani, gharama zikiwamo. Kanuni za India nazo zilichota kutoka Uingereza, ambako mshindi wa kesi alianza kulipwa gharama kwa sheria iliyotungwa Gloucester mwaka 1278. Sheria ile ilimsaidia mdai peke yake. Ilichukua zaidi ya miaka 300, hadi mwanzoni mwa karne ya 17, kabla mdaiwa aliyeshinda hajapata haki hiyo kwa upana. Marekani ilifuata njia yake. Mwaka 1796 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa kuingiza ada za wakili katika fidia, na hadi leo, isipokuwa pale ambapo sheria au mkataba umesema vingine, kila upande huko humlipa wakili wake mwenyewe, awe ameshinda au ameshindwa.

Kila njia ina faida na madhara yake. Mshindi asiporudishiwa gharama, mwenye deni dogo la haki hupiga hesabu na kuona kwamba kulidai kutamgharimu kuliko deni lenyewe, kisha huliacha. Mshindwa akilazimika kulipa kila kitu, mwenye madai ya kweli lakini asiye na akiba huogopa kufungua shauri, maana akiteleza atapoteza na nyumba. Sheria ya Afrika Mashariki imejaribu kupita katikati: inamwadhibu mshindwa kwa gharama, lakini gharama hizo hazikadiriwi kwa risiti ya mshindi wala kwa tamaa ya wakili wake.

Msimamo huo ulielezwa vizuri na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1972. Majaji walisema gharama zisiachwe zikapanda hadi mahakama ikawa ya matajiri peke yao. Walisema pia kwamba mshindi anastahili kurudishiwa kwa haki kile alicholazimika kutumia, kwamba malipo ya mawakili yawe ya kuwavutia vijana kuingia katika taaluma hiyo, na kwamba kesi zinazofanana zikadiriwe kwa viwango vinavyofanana kadiri inavyowezekana. Mahakama iliyotoa uamuzi huo ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, lakini hadi leo maamuzi ya gharama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huurejea. Ni miongoni mwa maamuzi machache ya zamani ambayo mwananchi wa kawaida angefaidika kuyajua kama wanavyoyajua mawakili.

Pale ambapo mshindi hapati

Mahakama huitumia hiari yake kumnyima mshindi gharama katika mazingira kadhaa. Lililo la kawaida ni ushindi wa nusu. Mtu aliyedai milioni 80 akapata milioni 6 ameshinda, lakini sehemu kubwa ya muda wa mahakama na wa mdaiwa ilipotea kwenye madai yaliyoanguka. Mahakama inaweza kumpa sehemu tu ya gharama, au kuamuru kila mtu abebe zake. Mwenendo nao huhesabiwa: aliyeahirisha shauri mara kwa mara bila sababu, aliyeficha nyaraka, au aliyekimbilia mahakamani wakati mwenzake alikuwa tayari kulipa, huweza kushinda kesi na kukosa gharama.

Kesi za ndugu ni fungu la pekee. Katika mirathi na ndoa, mahakama nyingi huona kwamba kumtoza dada gharama za kaka yake ni kuongeza chuki katika familia itakayoendelea kukutana misibani na harusini, kwa hiyo kila upande huachiwa mzigo wake. Sheria haikuifanya hiyo kuwa kanuni isiyovunjwa. Ndugu aliyeghushi wosia hana sababu ya kutegemea huruma hiyo.

Kesi zenye maslahi ya umma hushughulikiwa hivyohivyo. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotupa pingamizi za uchaguzi wa rais wa mwaka 2013, haikuwatoza walioshindwa gharama za wenzao, bali iliamuru kila upande ubebe zake. Mwananchi anayeiomba mahakama itafsiri katiba kwa niaba ya wengi, na anayefanya hivyo kwa nia njema, hapaswi kufilisika kwa sababu hoja yake haikukubaliwa.

Kwa migogoro ya kazi, Tanzania Bara imegeuza kanuni kabisa. Kifungu cha 50 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinaizuia Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi kutoa amri ya gharama, isipokuwa pale ambapo mhusika amefungua au kuendesha shauri kwa upuuzi au kwa lengo la kusumbua. Sababu yake ni rahisi kuiona. Mfanyakazi aliyefukuzwa hana mshahara. Angetishiwa gharama za mawakili wa kampuni, wengi wangekubali kufukuzwa isivyo halali kuliko kulalamika. Upande wa pili wa kanuni hiyo haufurahishi sana: mfanyakazi aliyeshinda naye harudishiwi alichomlipa wakili wake, na hilo linafaa kuingizwa kwenye hesabu tangu siku anapomtafuta.

Yanayobadilisha gharama wakati kesi ikiendelea

Uamuzi wa mwisho kuhusu gharama hujengwa na mambo yaliyotendeka miezi mingi kabla ya hukumu. Amri ya XXIV ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu mdaiwa kuweka mahakamani kiasi anachoona kinatosha kumaliza deni. Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara anadaiwa milioni 20 za mzigo wa mbao, naye anaamini deni halisi ni milioni 14. Anaweka milioni 14 mahakamani. Mdai anazichukua kama malipo ya sehemu na kuendelea kudai zilizobaki. Mahakama ikiamua baadaye kwamba milioni 14 zilikuwa ndizo deni lote, mdai ndiye atakayelipa gharama zilizotokea baada ya fedha kuwekwa, pamoja na zile za awali zilizosababishwa na kuzidisha kwake madai. Njia hii humpa mdaiwa mwaminifu kinga nzuri mno, na inasikitisha kwamba wadaiwa wengi hawaijui hadi hukumu inapotoka.

Mdai anayeondoa shauri lake bila ruhusa ya mahakama ya kulifungua upya huwajibika kwa gharama ambazo mahakama itaamuru. Hii humshangaza anayedhani kwamba kuondoa kesi kunamaanisha biashara imeisha. Mdaiwa alishamlipa wakili, alishaandika utetezi wake, pengine alishasafiri kutoka Mbeya kuja kusikiliza shauri Dodoma.

Usuluhishi nao una shimo lake. Pande mbili zikikubaliana nje ya mahakama, makubaliano huandikwa na kusajiliwa kuwa hukumu. Hati ya makubaliano ikisema kiasi cha deni na tarehe za kulipa lakini ikanyamaza juu ya gharama, ugomvi mpya huanza: mmoja anadhani amesamehewa, mwingine anaandaa bili. Sentensi moja inatosha kuuzuia, nayo iandikwe kabla mtu hajatia saini.

Kwa mdai anayeishi nje ya nchi, sheria ina tahadhari nyingine. Chini ya Amri ya XXV, mahakama inaweza kumtaka mdai asiyeishi Tanzania Bara, na asiye na mali isiyohamishika ya kutosha humo zaidi ya ile inayogombewa, aweke dhamana ya gharama za mdaiwa. Asipoiweka ndani ya muda aliopewa, shauri lake linaweza kutupwa. Hili linawagusa moja kwa moja Watanzania walioko Muscat, London au Toronto wanaodai viwanja au mirathi nyumbani. Mdaiwa akishinda, hana namna nyepesi ya kumfuata mshindwa aliye ng'ambo. Dhamana ndiyo inayompa uhakika.

Amri ndogondogo za katikati pia huwa na gharama zake. Ombi la kuzuia uuzaji wa nyumba, au pingamizi la awali, likiamuliwa, mahakama inaweza kutoa gharama hapohapo au kusema zitafuata matokeo ya shauri la msingi. Mtu anaweza basi kushinda kesi lakini akawa anadaiwa gharama za ombi aliloshindwa mwaka uliotangulia. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fedha hizo zikatwe kwenye zile anazostahili kulipwa, na hivyo ndivyo inavyofaa.

Bili na siku 60

Amri ya gharama haitaji kiasi. Inampa mshindi haki ya kudai fedha, na fedha zenyewe huja baada ya hatua nyingine yenye utaratibu wake na saa yake. Kwa Tanzania Bara utaratibu huo uko katika Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, Tangazo la Serikali Na. 264. Mshindi anatakiwa kuwasilisha bili ya gharama ndani ya siku 60 tangu siku ya amri iliyompa gharama.

Siku hizo 60 zimewanyima watu haki yao kuliko hoja yoyote ya kisheria. Mshindi hutoka mahakamani akisubiri mshindwa alipe kwa hiari. Mshindwa husema anajipanga. Wakili naye husubiri malipo yake ya mwisho kabla hajaandika chochote. Nakala ya hukumu huchelewa, mtu akaugua, na siku ya 61 ikifika haki ya kudai gharama imefungwa. Inawezekana kuomba kuongezewa muda, lakini mwombaji lazima aoneshe sababu ya kutosha na aeleze kila sehemu ya ucheleweshaji wake. Kumsubiri mshindwa aliyeahidi kulipa ni sababu dhaifu. Aliye makini huandaa bili katika wiki ya kwanza, na mazungumzo ya kulipana kwa hiari yaendelee bili ikiwa tayari mahakamani.

Bili yenyewe ni jedwali lenye tarehe, namba ya kila kipengele, maelezo ya kazi iliyofanyika, kiasi kinachodaiwa, na safu inayoachwa kwa ajili ya makato. Kipengele kikubwa karibu siku zote ni ada ya kupokea na kuendesha shauri, ile ambayo wakili hustahili kwa kuichukua kesi, kuisoma na kuipigania. Baada yake huja mahudhurio mahakamani, uandaaji wa nyaraka, kisha fedha zilizotoka mfukoni: ada za mahakama, kupeleka wito, kunakili nyaraka, nauli na malazi ya mashahidi, malipo ya mtaalamu kama mpima ardhi au mtambuzi wa maandishi.

Ada ya kuendesha shauri haifuati makubaliano ya siri kati ya mshindi na wakili wake. Pale ambapo dai ni la kiasi cha fedha kinachojulikana, kwa mfano mkopo au bei ya bidhaa, jedwali la tisa la Amri ile hutoa asilimia ya kiasi hicho, na asilimia hiyo hushuka kadiri kiasi kinavyopanda. Kwa mashauri mengine, kama mgogoro wa mpaka au maombi ya zuio, jedwali la kumi na moja huweka viwango, na mkadiriaji hupima thamani ya kinachogombewa, ugumu wa hoja, umuhimu wa shauri kwa wahusika, jinsi lilivyoendeshwa na nani atakayebeba mzigo. Kesi ya hekta 200 iliyosikilizwa kwa miaka minne na mashahidi 15 haiwezi kulingana na kesi ya kibanda iliyoisha kwa pingamizi la awali katika vikao viwili.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mshindi aliyekubaliana na wakili wake milioni 25 anaweza kukadiriwa milioni 9. Tofauti hiyo ni yake mwenyewe, na mshindwa hahusiki nayo. Gharama anazodaiwa mshindwa na ada anazodaiwa mteja na wakili wake ni hesabu mbili tofauti. Kenya imeliweka hilo kwa tarakimu: katika mashauri ya Mahakama Kuu, ada ya wakili kwa mteja wake ni ile ya mshindi dhidi ya mshindwa, ikiongezwa nusu yake. Mteja anayetaka kuepuka mshtuko huo amuulize wakili mapema, kabla ya kutia saini, ni kiasi gani kati ya anachodaiwa kinatarajiwa kurudi akishinda. Wakili mzuri hujibu swali hilo bila kusitasita.

Kuna yasiyolipwa kabisa. Siku za biashara zilizopotea, usingizi uliokosekana, hofu ya kuhamishwa, safari za kwenda kumwona mjumbe wa nyumba kumi, vyote hivyo haviingii kwenye bili. Aliyejiwakilisha mwenyewe hapati ada ya wakili, kwa kuwa hakumlipa wakili yeyote. Anaweza kudai ada za mahakama, nauli na gharama za nyaraka, na anapaswa kuzidai, kwa sababu wasio na wakili ndio wanaosahau zaidi kwamba nao wana haki hiyo.

Mbele ya mkadiriaji

Bili hukadiriwa na afisa mkadiriaji gharama. Katika Mahakama Kuu kazi hiyo hufanywa na Msajili au Naibu Msajili. Upande wa pili huitwa, husoma bili na kuipinga kipengele kwa kipengele. Ni kikao cha hesabu zaidi kuliko cha sheria: je, wakili alihudhuria kweli tarehe hiyo au kesi iliahirishwa kwa simu? Kwa nini shahidi mmoja alale hoteli siku nne wakati alitoa ushahidi siku moja? Jalada la mahakama lina mwenendo wa kila kikao, na mkadiriaji hulinganisha.

Risiti zina nafasi yake. Kwa fedha zilizotoka mfukoni, mkadiriaji ana haki ya kudai vithibitisho, na nauli isiyo na tiketi wala maelezo huondolewa. Kwa ada ya kuendesha shauri mambo yako tofauti. Kwa muda mrefu mawakili wa upande ulioshindwa walipinga ada hiyo wakisema haina risiti ya mashine ya kielektroniki, na baadhi ya wakadiriaji waliikata kwa sababu hiyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilimaliza mabishano hayo katika uamuzi wa mwaka 2021. Ilieleza kwamba ada hiyo haihitaji kuthibitishwa kwa risiti wala kwa mkataba wa malipo, kwa kuwa mkadiriaji hutakiwa kuipata kutoka kwenye viwango vya sheria na mazingira ya shauri. Uamuzi huo ni sahihi. Kama mshindwa halipi kwa kufuata risiti ya mshindi, haina maana risiti hiyo iwe sharti la kulipwa.

Tamaa katika bili huadhibiwa. Ikiwa zaidi ya moja ya sita ya jumla ya bili, ukiondoa ada za mahakama, imekatwa, mwenye bili hapati gharama za kukadiria bili hiyo. Tuseme bili ni shilingi 12,600,000, ambapo 600,000 ni ada za mahakama. Kinachobaki ni milioni 12, na moja ya sita yake ni milioni 2. Mkadiriaji akikata milioni 2.5, mwenye bili ameshavuka mpaka, na vikao vyote vya ukadiriaji vimekuwa kwa gharama yake. Wapo wanaoandika bili kubwa kupita kiasi wakijua itakatwa, kwa hesabu kwamba anayeomba sana hupata kiasi. Kanuni ya moja ya sita imewekwa kwa ajili yao, na inastahili kutumiwa bila haya.

Asiyeridhika na ukadiriaji, awe mshindi au mshindwa, anaweza kupeleka suala hilo kwa Jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 21, kwa maombi ya chemba yanayoungwa mkono na hati ya kiapo. Jaji harudii hesabu upya. Kama ilivyoamuliwa tangu kesi ya Arthur dhidi ya Nyeri Electricity Undertaking ya mwaka 1961, kiasi peke yake hakimfanyi jaji kuingilia. Lazima mkadiriaji awe amekosea kanuni, au kiasi kiwe kikubwa au kidogo kupita kiasi hadi kuonesha kwamba kanuni ilikosewa. Anayelalamika kwamba milioni 9 zingekuwa milioni 8 anapoteza muda. Anayeonesha kwamba mkadiriaji alitumia jedwali lisilohusika ana kesi.

Kulipwa

Gharama zikishakadiriwa, mkadiriaji hutoa hati inayotaja kiasi, na kiasi hicho hukazwa kama deni lolote la hukumu. Mahakama inaweza pia kuweka riba juu ya gharama, isiyozidi asilimia 7 kwa mwaka Tanzania Bara. Kenya imeweka kikomo cha asilimia 14. Riba hiyo ni ndogo kuliko ya mkopo wa benki, hivyo mdaiwa asiye na haraka hana la kumsukuma zaidi ya kukazwa hukumu kwenyewe.

Njia za kukaza hukumu ni zilezile za madeni mengine: kukamata na kuuza mali, kuzuia fedha zilizo benki, kukamata sehemu ya mshahara, na katika mazingira maalumu kumpeleka mdeni kifungo cha madai. Kifungu cha 48 cha Sura ya 33 kinaweka mipaka ambayo mshindwa anapaswa kuijua. Vyombo vya kupikia, matandiko, na zana za fundi havikamatwi, wala nyumba ambayo mdeni na mwenzi wake na watoto wanaomtegemea wanaishi. Dalali anayekuja na lori kuchukua majiko na magodoro kwa sababu ya bili ya wakili anavunja sheria, na mahakama inaweza kumzuia. Serikali nayo ikishindwa, mali zake hazikamatwi. Mshindi hufuata njia ya hati inayowasilishwa serikalini ili alipwe, na subira yake huhitajika kwa wingi.

Rufaa inaweza kugeuza kila kitu. Mahakama ya juu ikitengua hukumu, amri ya gharama iliyokuwa imebebwa na hukumu hiyo huanguka nayo, na kifungu cha 89 kinampa aliyekwisha kulipa haki ya kurudishiwa. Kwa sababu hiyo mshindwa anayekata rufaa huomba utekelezaji usimamishwe, na mshindi mwenye busara hazitumii zote fedha za gharama kabla muda wa rufaa haujapita.

Mahakama ya Rufani ikimaliza kazi yake, au muda wa rufaa ukiisha bila rufaa yoyote, hati ya gharama iliyobaki mkononi mwa mshindi bado ina nguvu. Sheria ya Ukomo wa Muda humpa miaka 12 ya kuomba ikazwe. Anayeshikilia hati hiyo, au anayeitwa kuipinga, aanze kwa kuangalia tarehe mbili: tarehe ya amri iliyotoa gharama, na tarehe bili ilipopokelewa na mahakama. Kati ya tarehe hizo zikiwa zimepita zaidi ya siku 60 bila ruhusa ya kuongezewa muda, ukadiriaji uliofuata unaweza kupingwa mbele ya Jaji ndani ya zile siku 21.